Kamili Mihayo, Aliyetaka Mipira Ijipange Yenyewe

Padri wetu, wazee, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka Rwamgasa mkafika na vumbi mpaka kwenye kope, mimi ni Paskazia, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na nitasoma nikiwa nimesimama, maana huyu tunayemzika leo hakujua kukaa.

Kamili Mihayo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 hapa hapa Tinde, mtoto wa tatu wa mzee Mihayo Mageni na mama yetu Limi, ambaye hadi anafariki alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alimpiga mateke mgongoni mpaka mbeleko ikalegea, na kwamba alitembea kabla ya kujua kukaa. Alianza shule hapa Tinde mwaka 1948, akamaliza darasa la nane mjini Shinyanga mwaka 1955, na katikati ya hapo aliifungua baiskeli ya baba yote, akaifunga tena, vyuma viwili vikabaki mkononi, na baiskeli ikaenda vizuri kuliko zamani, jambo ambalo baba hakumsamehe.

Mwaka 1957 aliajiriwa katika klabu ya wafanyakazi wa mgodi wa almasi, kwenye chumba cha biliadi, na kazi yake ilikuwa moja tu, kutoa mipira kwenye mifuko ya meza kila mchezo unapokwisha, kuipanga yote kumi na tano ndani ya pembetatu ya mbao, kuiondoa ile pembetatu taratibu, kisha kurudi ukutani na kusimama, kwani mpangaji hakuruhusiwa kukaa. Huko ndiko alikojifunza jambo alilolirudia maisha yake yote, kwamba mtu akishindwa hamtazami aliyemshinda, anamtazama aliyepanga mipira.

Tarehe 21 Septemba 1963, katika parokia ya Ushirombo, alifunga ndoa na wifi yangu Salvina, msichana wa Kisumbwa mwenye mikono myepesi, aliyekuwa akisuka vikapu huku anaongea na watu watatu bila kukosea hata uzi mmoja, na Mungu akawajalia watoto wanne, Silvesta, Serafina, Mageni na Limi, wote wako hapa. Klabu ilipobadilisha vifaa mwaka 1971, Kamili alipewa meza kuukuu iliyopinda mguu, akaihangaikia miaka mitano kwenye nyumba yao ya Ngokolo, pale mjini Shinyanga, na mwaka 1976 akaipakia kwenye lori pamoja na mke na watoto, wakahamia Rwamgasa, akafungua chumba cha biliadi cha wachimbaji dhahabu, yeye akitengeneza fimbo na kitambaa, Mama Silvesta akipanga mipira. Nani angempita Mama Silvesta kwa kupanga? Kabla fimbo haijapakwa chaki, mipira ilikuwa imekwisha kaa tayari.

Sasa nifike pale ambapo baadhi ya wazee walinishauri nipapite haraka, nami sitapapita. Mwezi Februari 1979 mchimbaji mmoja, Donatus, alishindwa vibaya kwenye meza ile jioni, na asubuhi yake duara lake, lile shimo alilokuwa akichimba dhahabu, likatitia, mpwa wake akavunjika mguu. Wachimbaji mnawajua, mtu akikosa dhahabu hutafuta alikutana na nani njiani, alishika nini, nani alimshika, na Donatus akasema mbele za watu kwamba mipira aliyochezea ilipangwa na mkono wenye nuksi. Maneno hayo yalitosha. Kuanzia siku hiyo sokoni Mama Silvesta aliambiwa aweke kikapu chini, ndipo muuzaji ajaze, na kanisani, padri aliposema tupeane amani, waliokaa karibu naye waliinamisha vichwa tu, mikono wameificha kwenye vitenge na mifukoni. Nilikuwepo Jumapili moja. Nilimuona wifi yangu ameunyoosha mkono wake, na mkono ule ukabaki hewani, na hasira niliyoipata siku ile bado ninayo, Padri utanisamehe.

Hapo ndipo Kamili alipoamua kwamba mipira lazima ijipange yenyewe, bila mkono wa mtu, ili pasiwe na wa kusingiziwa. Alihangaika zaidi ya mwaka, anakula amesimama, anaamka anapima, anang'oa alichofunga jana, hata mnyororo wa baiskeli ya mkwe wake ulipotea na tukajua uko wapi. Alitengeneza mifereji ya bati chini ya meza, mpira ukiingia mfukoni unateremka hadi kwenye sinia la pembetatu, ukivuta kamba sinia linapanda juu ya meza na kutua, bati la chini linachomoka, na mipira inabaki kwenye kitambaa imepangika sawasawa. Lakini kaka yangu alikuwa fundi mwenye maringo, akaifunika mitambo yake yote kwa sanduku zuri la mninga, akalipiga vanishi.

Siku ya kuifungua, tarehe 5 Julai 1980, chumba kilijaa, akavuta kamba, mipira ikapanda na kujipanga, watu wakatazamana, kisha wakatoka mbio wakipigana vikumbo mlangoni, na kufika jioni habari ilikuwa imeenea kwamba mkono wa Salvina umefichwa ndani ya sanduku. Jamani! Kamili alichukua nyundo, akalivunja sanduku lake la mninga vipande vipande barabarani, wote wakimtazama, na tangu hapo mitambo ilibaki wazi, kila mwenye shaka alialikwa kuinama na kuchungulia, huku Mama Silvesta ameketi kwenye kigoda mbali na meza, mikono mapajani. Wachimbaji walirudi, Donatus akiwemo, wakacheza wakafurahi, wakaisifu mashine. Ila mkono wa mwenye mashine waliushika, wa mkewe hawakuushika.

Mwaka 1984 walirudi Ngokolo, watu wakidhani amechoka, kumbe anataka kuiboresha ile mashine halafu airudishe, anasema safari hii watu wataelewa, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba tatizo halikuwa kwenye bati wala mnyororo. Machi mwaka huu wa 1987 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakasema ni moyo, wakamtaka apumzike, na mtu wa kupumzika mnamjua. Wiki za mwisho kitandani mikono yake haikutulia, ilikuwa ikipanga mipira juu ya blanketi, inaipanga, inaivuruga, inaipanga tena, hadi asubuhi ya tarehe 9 Novemba, Mama Silvesta alipoweka mkono wake juu ya mikono ile miwili akamwambia, "Baba Silvesta, acha sasa, hii nitapanga mimi." Ikatulia. Hatukuwa tumeiona imetulia tangu tumfahamu, na saa nne asubuhi akafariki, mkono wa mkewe ukiwa bado juu ya yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hospitali ya mkoa, majirani wa Ngokolo waliolala nasi kwenye mikeka, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza, na wenzetu wa Rwamgasa, nawe Donatus, tumekuona pale nyuma na shati lako jeupe, ahsante kwa kuja.

Familia haidai maelezo kwa yeyote, ina ombi moja tu. Mama Silvesta amekaa pale mkekani, mikono yake iko mapajani kama mlivyozoea kuiona. Tukitoka makaburini mtapita mbele yake kumpa pole, na kaka yangu alitumia maisha yake kuizuia mikono ile isiguse kitu, ili ninyi mridhike. Leo msiiname mkapita. Mpeni mkono.

Nawe Kamili, kaa chini sasa, kaka, upumzike kwa amani.