Hatutafungua Mvuke: Maneno ya Wafua Nguo kwa Mwenyekiti wa Bodi

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Mganga Mkuu, wauguzi, na ninyi nyote mliobanana kati ya meza za kukunjia mashuka:

KARIBU KWETU

Tunakukaribisha katika jengo la kufulia. Joto unalolisikia ni la kawaida. Ukitaka kuvua koti, vua, hapa hakuna atakayekucheka. Tumeambiwa umekuja kukata utepe wa mashine mpya tatu. Tumefurahi, na tunasema asante kwa moyo mmoja.

Jana ofisi ilituletea karatasi mbili zilizopigwa chapa ili tukusomee leo. Tumezirudisha. Zilikuwa na maneno mazuri, ila hayakuwa yetu. Haya unayoyasikia tumeyaandika wenyewe, watu kumi na saba, na mwenzetu wa mashine ya pili ndiye anayeyasoma kwa sababu sauti yake haitetemeki mbele ya wakubwa.

TULIKOTOKA

Ushirika wetu ulianza miaka sita iliyopita, katika stoo ya sabuni, wakati wa mapumziko ya saa nne. Robo saa tu: wimbo mmoja, neno fupi, sala, kisha kazini. Hatutoki kanisa moja. Wapo wanaosali Jumamosi na wapo wa Jumapili. Wapo wanaopiga makofi na wapo wanaokunja uso wakisikia makofi. Mwenzetu mmoja huimba besi ingawa hakuna aliyewahi kumwomba. Tumevumiliana. Shuka la mgonjwa halijui dhehebu la aliyelifua.

Mpiga pasi wetu mkuu ni mama mmoja ambaye wote tunamwita Mama Pasi. Ana mabinti wawili na mama mkwe mzee, na mume wake alishatangulia mbele ya haki. Mgeni rasmi, tunaomba utusikilize habari zake, kwa sababu ndizo zilizotufanya tuwe hivi tulivyo.

YALIYOTUPATA

Bomba linaloleta mvuke kwenye mashine ya pasi lilianza kuvuja mwaka jana, pale penye koki. Tulitoa taarifa mara tatu. Mara ya tatu alikuja fundi, akalifunga kwa waya na kipande cha shuka kuukuu, akatikisa kichwa, akasema, "Mimi nimewaambia wakubwa. Ninyi muombeni Mungu."

Tulimwomba. Jumanne moja asubuhi bomba likapasuka.

Mama Pasi alikuwa karibu na mlango. Hatua tatu tu angekuwa nje. Lakini nyuma ya mashine walibaki wakunja mashuka wawili, mmoja ana mimba ya miezi saba, na upande ule hakuna mlango. Mama Pasi akarudi. Aliingia katika mvuke akiliita jina la Yesu kwa sauti tuliyoisikia hadi kwenye kamba za kuanikia, akaishika koki ile kwa mikono yake mitupu, akaizungusha mpaka ikafunga. Wale wawili walitoka wazima. Mtoto alizaliwa salama, naye leo yuko hapa, amelala mgongoni mwa mama yake.

Siku ya nne, Mama Pasi akiwa kitandani wodi ya majeruhi, mikono yote miwili imefungwa bendeji, aliletewa karatasi. Iliandikwa kwamba mfanyakazi "alishika koki bila idhini na kwa uzembe". Akatakiwa aweke dole gumba. Akamwambia aliyeileta, "Hata vidole hivi vingekuwa vizima, nisingesaini uongo."

Sisi nasi tukaitwa mmoja mmoja tuthibitishe. Tukakataa mmoja mmoja. Wiki iliyofuata stoo ya sabuni ikapigwa kufuli, na tangazo likabandikwa: mikusanyiko isiyo ya kikazi marufuku.

Basi tukahamia kwenye kamba. Tulisali tumesimama, huku tunaanika. Msimamizi akaja mbio, akauliza, "Mnafanya nini hapa?"

"Tunaanika, bosi."

"Na kuimba je?"

Mshona viraka wetu, ambaye ni mkubwa kwetu sote kwa umri, akamjibu, "Mashuka hayakauki kwa kununa, mwanangu."

MATUMAINI TULIVYOYAPATA

Tusikudanganye, mgeni rasmi. Hayakuja kwa wimbo mmoja.

Mama Pasi alikata tamaa. Tulipokwenda kumwona aligeukia ukutani. Siku moja akasema bila kutugeukia, "Nililiita jina lake. Mlinisikia wote. Mbona nimeungua?"

Mwenzetu mmoja alianza kusema kwamba Mungu ana makusudi yake, mshona viraka akamkanyaga mguu. Kisha yeye akasema, "Sijui, binti yangu. Nikikupa jibu la kutunga nitakuwa nimekuunguza mara ya pili. Ila kesho nitakuja."

"Msije. Na msiniombee tena."

"Kuomba tutaombea nyumbani. Kuja, tutakuja."

Na kesho yake akaenda. Tukaenda sote, kwa zamu, kila siku. Tulimlisha, tukamchana nywele, tukamsimulia umbea wote wa jengo hili. Mama mkwe wake tulimchotea maji. Mabinti tuliwakagulia daftari zao, hata sisi ambao kusoma kwenyewe tunasoma kwa kusitasita. Mashuka ya kitanda chake hatukumwachia mtu mwingine. Tuliyafua wenyewe, na kila aliyeyakunja alinong'ona jina lake juu ya kila mkunjo.

Siku ya thelathini na tisa tulichelewa, mvua ilikuwa kubwa. Tulipoingia tumelowa chapachapa, Mama Pasi alikuwa ameketi, ametazama mlango.

"Leo mmechelewa," akasema.

Neno hilo tu. Mgeni rasmi, wapo watu wazima hapa waliolia kwa kuambiwa wamechelewa. Kisha akasema, "Haya, imbeni. Lakini si ule wa msiba. Mimi sijafa."

Tukaimba mpaka muuguzi wa zamu akaja kutunyamazisha, akasahau kilichomleta, akaimba naye. Baadaye Mama Pasi alituambia jibu la swali lake bado hajalipata. "Nilimtafuta Mungu kwenye jibu," akasema, "kumbe alikuwa ananichana nywele."

Sasa amerudi kazini. Mkono wa kulia haukunjiki sawasawa, kwa hiyo amejifunza kupiga pasi kwa kushoto. Bado anatushinda.

LILILO MBELE YETU

Mashine hizi mpya zinang'aa. Lakini nyuma ya utepe huo, mgeni rasmi, zimeungwa kwenye bomba lile lile. Pale lilipopasuka pamezibwa kiraka na kupakwa rangi ya fedha. Tunakuomba uzunguke nyuma ukaone kwa macho yako. Fundi aliyezifunga ametuambia hawezi kumsimamisha mkewe hapo.

Kwa hiyo tunasema wazi, mbele ya Mungu na mbele yako: kata utepe, tutapiga makofi. Lakini mvuke hatutaufungua mpaka bomba libadilishwe. Huu si mgomo. Hakuna mgonjwa atakayelala bila shuka safi. Tutafua kwa mikono, kama tulivyofua wiki tatu nzima baada ya ajali. Tunayo mikono thelathini na nne, na hatutaki mmoja zaidi uungue.

Wapo wanaodhani mtu wa sala ni mtu wa kuinamisha kichwa. Tunakiinamisha, kwa Mungu. Tumefundishwa kumpenda jirani, na jirani yetu ni huyo aliyesimama nyuma ya mashine pasipo mlango.

TUNAYOYATAKA

Bomba jipya, na mlango upande wa nyuma. Neno "uzembe" litoke kwenye faili la Mama Pasi, na lililo kweli liandikwe mahali pake. Stoo ya sabuni hatuiombi. Mkiifungua tutaingia, msipoifungua kamba zipo na mbingu iko juu yake.

Nakala ya maneno haya atakukabidhi Mama Pasi mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia. Tunakusihi, mgeni rasmi, usiupokee mkono huo haraka haraka huku ukitazama kamera. Ushike. Utazame. Ndipo utuambie ni uzembe wa nani.

Mungu akupe macho ya kuona na ujasiri wa kutenda, akulinde wewe na nyumba yako, na akurejeshe kwetu siku ya kufungua bomba jipya. Siku hiyo tutaimba, na wa besi tutamruhusu.

Ni sisi,
Ushirika wa Wafua Nguo na Wapiga Pasi, tuliokutana stoo ya sabuni na sasa tunakutana kwenye kamba.