Sekunde Kumi za Riziki wa Mikumbi

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza nilichokiona kwa Riziki ni midomo yake. Kila saa ilipotimia, midomo ilicheza. Saa tatu kamili. Saa nne kamili. Awe anakaanga vitunguu, awe anasugua sufuria, aliitazama saa ya ukutani, midomo ikacheza kidogo, kisha akaendelea na kazi. Tulifanya kazi nyumba moja, Al Wukair, hapa Qatar. Yeye mpishi, mimi wa usafi na watoto. Nilidhani anasoma dua.

Siku moja nikamwuliza. Akacheka.

"Dua gani, mdogo wangu? Natangaza."

Riziki Selemani alikuwa mtangazaji wa Mikumbi Televisheni, Lindi. Nalirudia jina hilo: Mikumbi Televisheni. Amefariki Jumatatu wiki hii, hapa Doha, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Amezikwa makaburi ya Mesaimeer. Leo kipindi chote ni chake.

Kituo kilianza mwaka 2004, chumba kimoja juu ya duka la Mzee Nassoro, fundi wa redio. Kamera moja, pazia la buluu, na feni iliyozimwa kila mtangazaji alipofungua mdomo. Riziki alisoma matangazo ya vifo, ya harusi, ya mbuzi waliopotea. Wakati huo kituo hakikuwa chini ya mtu. Kila kilichoonekana kilitoka Lindi.

Mwaka 2008 Mzee Nassoro aliingia mkataba na televisheni moja kubwa ya Dar es Salaam. Mikumbi ikawa inapokea taarifa ya habari ya Dar saa mbili usiku, halafu inarudi kwenye vipindi vyake. Watu walifurahi, picha zilikuwa safi. Lakini saa mbili ndiyo ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Yakasogezwa alasiri, watu wakiwa bado shambani. Zuhura, mdogo wake Riziki, aliniambia juzi kwa simu: "Jirani yetu alikosa maziko ya kaka yake. Akaja nyumbani, akamwambia dada, 'Tangazo ulimsomea nani, viti?'"

Mwaka 2013 mkataba ule ukaisha. Mikumbi ikahamia mtandao mwingine wa televisheni, nao wa Dar. Huu ulitaka muda zaidi. Vipindi vya Lindi vikabaki nusu saa, kisha robo saa, kisha vikaisha. Kazi ya Riziki ikabaki sentensi moja. Kila saa ilipotimia, Dar waliachia sekunde kumi, naye akasema: "Hii ni Mikumbi Televisheni, Lindi." Baadaye wakairekodi ile sentensi. Walipokwisha kuirekodi, hawakumhitaji tena.

Akaja Doha mwaka 2021. Sauti yake ikabaki Lindi. Yeye yuko jikoni Al Wukair, sauti iko Mikumbi, inatangaza. Mama yake aliwasha televisheni kila saa ilipokaribia kutimia, amsikie mwanawe.

Mwaka jana mtandao ule ulikichukua kituo chote. Jina la Mikumbi likaondolewa, na sauti ikaondoka nalo. Zuhura anasema: "Mama alikaa mbele ya TV tangu saa tatu mpaka saa sita. Halafu akaniuliza, 'Riziki amefanya kosa gani?'"

Wasikilizaji wapendwa, sasa nifike kwetu. Kipindi hiki mnakisikia kwenye simu zenu kila Ijumaa, kutoka chumbani kwa dereva Rashidi, hapa Najma. Mwaka mmoja na nusu nimekisoma mimi, Husna. Rashidi alitaka Riziki ndiye asome. Riziki akakataa. "Sauti yangu iko kazini Lindi," akasema. "Mpe Husna. Ana sauti, ila anaificha." Yeye akawa anaandika. Aliniandikia kwa herufi kubwa, na mstari mdogo kila mahali pa kuvuta pumzi.

Sauti yake ilipoondolewa kule, aliniomba kitu kimoja. "Mwisho wa kipindi sema maandishi ni ya Riziki Selemani wa Mikumbi. Mama husikiliza kwa simu ya Zuhura."

Nikasema, Ijumaa ijayo, dada. Sikusema. Ijumaa nyingine sikusema. Niliogopa watu watauliza kwa nini naandikiwa.

Kisha Kerubo, mlinzi kutoka Kisii, akapiga simu tukiwa hewani. "Haki Husna, unasoma poa! Hii kazi ulisomea wapi, msichana?"

Nikajibu: "Chuo, Dar es Salaam."

Riziki alikuwa palepale, ameshika birika. Rashidi akatazama sakafu. Tulipozima kipaza sauti, Riziki akanimiminia chai. "Chuo kizuri hicho," akasema. "Wana birika pia?"

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuwashinda.

Ijumaa iliyofuata karatasi ilikuwa tayari, herufi kubwa, mistari ya pumzi. Chini kabisa, pale ambapo jina lake lingekaa, aliacha nafasi tupu. Akaiacha kila wiki, mpaka wiki iliyopita.

Kwa mama yake Riziki, kwa Zuhura, kwa Mzee Nassoro na wote wa Mikumbi, poleni sana. Mungu amrehemu. Nanyi mnaosikiliza, kama kuna mtu anafanya kazi, halafu wewe ndiye unayesifiwa, mtaje. Mtaje leo, akiwa bado anasikia. Mimi nimechelewa.

Karatasi ya leo nimeiandika mwenyewe, na mistari ya pumzi nimeiweka mwenyewe. Mama, sasa ni saa kumi kamili, hapa na huko Lindi. Maandishi ya kipindi hiki, tangu siku ya kwanza, yalikuwa ya Riziki Selemani wa Mikumbi. Chuo sijawahi kukikanyaga. Niliishia darasa la nne, nikiwa nasoma kwa kubahatisha. Aliyenifundisha kusoma ni Riziki, jikoni, kwenye mifuko ya unga.