Mama Adèle Okito Anaiacha Simu ya Damu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Adèle Okito anastaafu kutoka Kituo cha Damu Elila, hapa Kindu. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu tuliajiriwa juma moja. Aliyeniomba hakujua kwamba tangu juma lile ninamwonea wivu.

Wakati wa vita kituo kilikuwa na foni moja tu, ile redio ya mawasiliano. Hospitali zilipoita kwa pamoja, hakuna aliyesikika. Nilipiga kelele asubuhi nzima bure. Adèle akashika mikro, akaiita hospitali ya ng'ambo ya mto: "Alunguli, sema weye. Wengine mungoje kwanza." Wote wakanyamaza.

Amani iliporudi, sote wawili tulisomea informatiki Kisangani. Kila mmoja aliunda programu ya kupanga maombi ya damu. Yake ndiyo iliyochaguliwa.

Mwaka juzi programu hiyo iliteleza. Maombi mawili yaliingia pamoja: moja la mzazi aliyejifungua hospitali ya Alunguli, lingine la mchimbaji aliyeletwa hospitali ya mjini kutoka Kampene. Kila ombi liliona mfuko wa mwisho wa damu ya O négatif uko huru, likauchukua. Motari wawili, wale wa pikipiki waliotumwa na hospitali, wakafika mlangoni.

"Mufuko njo huu moja, na siye tuko wawili," akasema Muhindo, mmoja wao.

Nilimtazama Adèle, nione atajitetea vipi. Hakujitetea. Mfuko akautuma ng'ambo ya mto, maana mzazi alikuwa akivuja damu. Kisha akakunja mkono wa blauzi mbele ya Annie wa maabara: "Miye pia niko O négatif. Pima, kisha utoe."

Wagonjwa wote wawili walipona.

Akairekebisha programu. Sasa ombi linaloshika mfuko linaufunga kwanza. Lingine haliwezi kuugusa. Tena, maombi mawili tu ndiyo hushughulikiwa kwa wakati mmoja, mengine yanapanga foleni. Nilipinga, nikasema tutachelewa. Hatujachelewa hata mara moja.

Yule mzazi alimwita binti yake Adèle. Mimi, Thaddée, sijasikia mtoto yeyote aliyepewa jina langu.

Tangu Jumatatu simu yake ya maombi ya damu ninayo mimi. Daktari mmoja alipiga:

"Mama Adèle iko?"

"Haiko. Njo miye, Thaddée."

"Aa. Basi nitapiga kesho."

Mama Adèle, kituo kizima kinakushukuru, nami pia, kwa shingo upande. Upumzike vema kwenu Tunda, mashamba yakuzalie. Na madaktari wakikutafuta huko, tafadhali, uwaambie Thaddée anajua kazi.