Mtoto Kukaa Mbele

Baraza la Mangapwani liko pale njia ya lami inapoachana na ya vumbi, na kila alasiri watu wake hunywa kahawa na kuihukumu dunia. Siku ile Bi Riyama alikuja na haja moja. Mwanawe mdogo, Himid, alikuwa kalazwa nyumbani, mguu umefungwa plasta. Alipakiwa mbele kwenye kipikipiki cha matairi manne, vile wanavyoendesha watalii, kikapinduka mtaroni. Na Sikukuu ilikuwa keshokutwa, watoto wote wangetaka kupakiwa. Riyama alitaka wanaume wafuatane naye kwa sheha, mkuu wa shehia yao, wenye vyombo wakatazwe kupakia watoto.

— Karibu kahawa, Bi Riyama.

— Sikuja kunywa. Twendeni kwa sheha.

— Tutakwenda, — alisema Abdulwahid, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. — Lakini kwanza tujue sababu. Mie naona ule mtaro una wenyewe.

— Majini gani! — alimkata Haroub, aliyeitwa Injinia tangu alipotengeneza feni ya msikiti. — Mashine ya nchi za baridi ile. Joto letu linavimbisha matairi, ndiyo maana inaruka.

— Feni yenyewe haizunguki, wewe!

— Inazunguka taratibu. Ya wazee ile.

Wakacheka. Riyama hakucheka, usiku kucha hakupata usingizi kwa kumgeuzageuza mtoto.

— Matairi hayakumpakia mwanangu, — alisema. — Kapakiwa na mtu, bila kofia, vikono vyake havifiki hata pa kushika.

— Kweli kabisa, — alisema Redio. — Tena nshasikia zina setilaiti ndani. Mtu akibonyeza huko Ulaya, huku chombo kinageuka.

— Basi wa kushitakiwa yuko Ulaya! — alidakia Injinia. — Sheha atamfanya nini?

Pembeni alikaa Mahfoudh, mgeni kutoka Mwanakwerekwe aliyekuja kuwatazama wakwe zake, anakunywa kahawa yake.

Ndipo ngurumo ikaja kutoka njia ya vumbi. Kipikipiki kikapita mbio, dereva nyuma, mbele kakaa kitoto cha kike, ushungi unapepea, kinacheka.

— Mashaallah! Huyooo! — alipiga kelele Redio. Injinia akapiga makofi.

Vumbi likatua kwenye vikombe.

— Samahanini, — alisema Mahfoudh. — Mnamshangilia nini?

Injinia aliinamia kikombe chake. Riyama alifungua mdomo awape maneno yao, akaona mkono wake mwenyewe ungali juu, unampungia yule mtoto. Akaushusha, akashika njia ya kwa sheha peke yake.