Mama Aikande Nkya na Miaka Tisa ya Kuingoja Olbalbal

Aikande Elifuraha Nkya, ambaye leo tunamlaza katika udongo mwekundu wa Qurus, alizaliwa tarehe 12 Juni 1947 katika kijiji cha Foo, Machame, mkoani Kilimanjaro. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Elifuraha Nkya na marehemu Bibi Ndewaishi. Mzee Elifuraha alikuwa msimamizi wa mfereji wa maji, kazi iliyomgombanisha na majirani nusu ya mwaka na kumpatanisha nao nusu nyingine. Marehemu alikuwa akisema kwamba ni pale mferejini alipojifunza kunyamaza wakati watu wazima wanafoka.

Alianza shule mwaka 1955 hukohuko Foo, akaendelea na shule ya kati, kisha akasomea ualimu na kuhitimu Novemba 1966. Alifundisha kwa miaka ishirini na sita, karibu yote katika darasa la kwanza, kwa hiari yake. Wakati wa kampeni ya kisomo cha watu wazima, mama yake mzazi alikuja kukaa kwenye dawati la nyuma. Siku ya kwanza Bibi Ndewaishi aligoma kushika kalamu. "Nimekuzaa mimi," alisema mbele ya darasa zima, "leo unaniambia nimekosea?" Marehemu alikwenda akapiga magoti kando ya dawati, akamshika mama yake mkono, wakaiandika herufi ya kwanza pamoja.

Tarehe 5 Desemba 1970 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Godson Munisi. Mtoto wao wa kwanza, Ndeonasia, aliishi miezi mitano tu. Baadaye Mungu aliwajalia Judith, Inosenti na Angel. Mwaka 1986 Mzee Godson alihamia Karatu na kufungua duka la vipuri vya magari ya watalii, na familia ikamfuata. Walinunua shamba hapa Qurus, wakapanda mahindi, ngwara, yaani jamii ya maharage, na migomba michache ya kumtulizia mama hamu ya Machame. Migomba haikustawi, lakini hakukubali ing'olewe.

Mwaka 1993, baada ya ibada ya Jumapili, mchungaji aliuliza nani angekuwa tayari kushuka Olbalbal, tambarare kavu iliyo chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, akawafundishe kina mama kusoma na kuwahubiria Injili. Wainjilisti wawili walikuwa wametangulia, na wote wawili walirudi wagonjwa na wenye hofu, wasitake kusimulia waliyoyaona. Mama Aikande, aliyekuwa na miaka arobaini na sita na amestaafu miezi mitatu tu kabla, alisimama.

Walipofika nyumbani Mzee Godson alisema, "Mama Judith, huko hata maji hakuna."

"Kwani wanaoishi huko wanakunywa nini, Baba Judith?"

Basi kila mwezi alipanda lori la mahindi, akazunguka ukingo wa kreta, akateremka mpaka Olbalbal, akakaa huko wiki mbili. Aliwafundisha kina mama karibu na birika la kunyweshea mifugo, kwa sababu hapo ndipo walipopatikana. Kimaa, lugha ya Wamasai, alijifunza kwa makosa. Siku moja alikusudia kuwaambia kwamba Enkai, yaani Mungu, anawapenda, ulimi ukateleza akasema enkare, yaani maji. Kina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alimuuliza, "Kama maji yanatupenda, mbona yako mbali hivi?" Aliyemtafsiria maneno hayo alikuwa mke kijana aitwaye Sintamei, aliyemaliza darasa la saba, na tangu siku hiyo Sintamei akawa mkalimani wake na mwanawe. Alimwita Yeyo, yaani mama.

Baba mkwe wa Sintamei alikuwa Mzee Kaika, oloiboni wa eneo lile, mtu aliyetupa vijiwe kutoka katika kibuyu na kuwaambia watu yaliyofichika. Mzee Kaika hakuwa mtu wa kelele. Alimjia Mama Aikande mchana kweupe, akamwambia kwamba vijiwe vimekataa neno lake, na kwamba boma litakaloingiza ubatizo litaingiza kifo. Baada ya hapo darasa la wanafunzi thelathini likabaki na wanne. Mlangoni pa chumba chake alikuta majivu yamemwagwa mstari mmoja toka nguzo hadi nguzo. Mwaka 1994 aliugua majipu yaliyomlaza Karatu wiki sita. Alikiri kwa mumewe kwamba kila aliposhuka kule, sala zilikuwa zinamkauka mdomoni kama unga mkavu.

Hata hivyo hakuwahi kuwaambia watu wa Olbalbal kwamba hofu yao ni upuuzi. Aliamini kuna nguvu iliyompinga, na aliamini nguvu hiyo ina mwenye kuizidi. Mwaka 1996 mhubiri mmoja kutoka mjini, Gideon, alifika nyumbani kwake na vipaza sauti na vijana ishirini. Alitaka kushuka Olbalbal akakichome kibuyu cha Mzee Kaika hadharani. Mama aliwapikia wote wakala wakashiba, ndipo akasema:

"Mtumishi, ukikichoma kile kibuyu utakuwa umemshinda mzee. Mimi sikutumwa kumshinda mzee."

"Mama, hii ni vita!"

"Najua. Ila si yangu, wala si yako. Mwenyewe yupo, na hajalala."

Gideon aliondoka amekasirika, akatangaza kwamba mama yule ana imani ndogo.

Jumapili ya tarehe 19 Januari 1997, mchungaji alishuka Olbalbal, akambatiza Sintamei na mwanawe wa kiume wa miezi minne. Mume wa Sintamei alikubali, ingawa hakuja. Siku kumi na mbili baadaye, mtoto yule alifariki kwa homa mikononi mwa mama yake, wakiwa wanasubiri gari la kuwapeleka hospitali.

Hapa familia inaomba kusema kweli, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwahi kulipamba jambo hili. Hakuwa na jibu. Alikaa na Sintamei siku tano, wakiketi kwenye ngozi moja, naye alijua kilicho kifuani mwa mwenzake, kwa kuwa Ndeonasia naye alizikwa akiwa mchanga. Siku ya sita Mzee Kaika alikuja. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amefiwa na mjukuu.

"Mwalimu," alisema, "usidhani nimefurahi. Niliona itakuja, sikuitaka. Sasa ondoka. Ukikaa, vijana watakufanyia kitu na mimi sitaweza kuwazuia."

Mama alimwangalia Sintamei. Sintamei aliinamisha kichwa, hakusema kaa wala nenda. Tarehe 6 Februari 1997 Mama Aikande alipanda lori akarudi Karatu.

Wengi walimshauri arudi na barua ya serikali, au na walinzi, au na wahubiri wengi zaidi. Alikataa. "Mlango umefungwa na mtu mwenye msiba," alisema. "Siwezi kuusukuma." Watoto wake wanakumbuka miezi ile. Alikuwa akipepeta mahindi, ghafla mikono inasimama, ungo uko magotini, macho yameelekea upande wa Ngorongoro. Judith alimuuliza siku moja kama amemkasirikia Mungu.

"Nimemuuliza," mama alijibu. "Nimemuuliza sana. Hajanijibu kuhusu mtoto. Lakini kila nikiinuka kumwacha, sioni pa kwenda. Basi nakaa palepale kwake, na swali langu mkononi."

Alikaa hivyo miaka tisa. Karatu ina mnada wa tarehe saba na mnada wa tarehe ishirini na tano, na katika miaka hiyo yote aliikosa minada michache mno. Hakwenda kununua. Alibeba chupa ya chai na vikombe vinne, akawatafuta kina mama wa Kimasai walioteremka kwenye malori, akauliza mmoja mmoja, "Umetoka wapi? Olbalbal mnaijua? Sintamei hajambo?" Wengi hawakuwa wanatoka huko, wakanywa chai yake hivyohivyo. Mwaka 1999 mwanamke mmoja alimwambia kwamba Sintamei amezaa binti, na kwamba huimba peke yake akienda kuteka maji. Siku hiyo mama alirudi nyumbani akapika ndizi kama sikukuu. Mwaka 2003 mwingine alimwambia, akitazama pembeni, "Yule wa nyimbo siku hizi haendi peke yake." Mama alitaka kuuliza zaidi, lakini mwanamke yule alikuwa amekwisha kupotelea kwenye kundi la mbuzi.

Mwezi Novemba 2005, baada ya kupungua sana mwili, marehemu alipimwa na kukutwa na saratani ya ini. Madaktari walisema muda si mrefu. Aliwaomba watoto wasiizuie safari yake ya mnadani. Jumamosi ya tarehe 7 Januari 2006, katika ukame ule mkali, Inosenti alimpeleka kwa gari, na huko, kati ya ng'ombe waliobaki mifupa, mama akamwona Mzee Kaika.

Mzee ndiye aliyemfuata. Alimsalimia, "Takwenya."

"Iko," mama aliitikia.

"Nasikia kila mnada unatuulizia. Hujachoka?"

"Nimechoka, baba. Ila sijaacha."

Mzee alipokea kikombe cha chai, akakinywa chote. Kisha akasema, "Mtoto wa Sintamei anasoma. Ananisomea hata karatasi za chanjo ya ng'ombe." Akamrudishia kikombe. "Mvua ikinyesha, njoo. Sikuambii nimekubali. Nakuambia njoo, umsalimie binti yako."

Mama hakumwambia kwamba anaumwa.

Kuanzia siku hiyo aliingoja mvua. Asubuhi alikuwa akimuuliza kila aliyeingia chumbani, kabla hata ya salamu, kama Ngorongoro imenyesha. Ilinyesha katikati ya Machi, kwa nguvu, na barabara ya kuteremka ikawa tope tupu. Tarehe 25 Machi Mzee Godson, ambaye miaka yote hakuwahi kuipenda kazi ile, alifunga duka, akamlaza mkewe kwenye godoro nyuma ya gari, akapanda naye mpaka mahali ambapo bonde la Olbalbal huonekana chini. Magari yalikuwa hayapiti zaidi ya hapo. Alimwinua akamkalisha. Mama alitazama karibu saa nzima.

"Kumbe pamekuwa kijani," alisema. "Sijawahi kupaona kijani hivi."

"Tutarudi barabara ikikauka," Mzee Godson alimwambia.

"Wewe utarudi, Baba Judith. Wape salamu zangu, usisahau hata mmoja."

Mama Aikande alifariki nyumbani kwake Qurus, Jumanne tarehe 4 Aprili 2006, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Ndugu wa Machame walitamani azikwe kihambani, kwenye shamba la ukoo, na tunawashukuru kwa kuheshimu ombi lake kwamba aachwe huku, upande ambao alikuwa ameugeuzia uso.

Juzi Alhamisi mchana, Sintamei alifika hapa. Alitembea siku moja na nusu kwenye tope kabla ya kupata lori. Alikuwa hajapata habari ya msiba. Mzee Kaika alimruhusu aje kumchukua mwalimu wake, na alikuja na karatasi ya daftari yenye majina kumi na tisa, yameandikwa kwa mwandiko wa darasa la kwanza, ya watu wanaoomba kubatizwa. Jina la Mzee Kaika halimo. Sintamei alipooneshwa jeneza aliketi chini akayasoma majina yote kwa sauti, polepole, jina moja baada ya jingine, mpaka la mwisho, na hakuna aliyemkatiza.

Marehemu ameacha mume, Mzee Godson Munisi, watoto watatu, Judith, Inosenti na Angel, wajukuu watano, kaka wawili na dada mmoja huko Machame, binti yake Sintamei, na watu kumi na tisa wa Olbalbal ambao hakujaliwa kuwaona nyuso. Mzee Godson atashuka na mchungaji barabara itakapokauka, na salamu anazo.

Bwana aliyempa kungoja, sasa ampe kupumzika, na amani aliyoitafuta kwa ajili ya wengine iwe yake.