Wanafunzi Arobaini kwa Majina

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, basi la Maore lilipotoka Same, Asheri alimtambua msichana wa kiti cha mbele kwa picha aliyoiona kwenye fomu za chuo. "Nashipae! Karibu darasa la ushonaji," akasema.

Aliyegeuka ni mama yake. "Nani kakupa jina la mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye mwalimu wake, naanza leo."

"Marahaba. Shikamoo yako imechelewa. Jina umelitoa wapi?"

Asheri alieleza kwamba kwa wiki nzima alikuwa akikariri sura na majina ya wanafunzi wake wote arobaini, kwa kuwa mgeni anayeitwa kwa jina siku ya kwanza haogopi kuuliza swali.

"Haogopi? Hebu mwangalie."

Nashipae alikuwa amejifunika shuka hadi puani.

"Na wavulana umewakariri?"

"Wako watatu tu, mama. Elibariki, Yonas, na..." Jina la tatu likamtoka kichwani.

"Ila wasichana thelathini na saba wote unao," mama akasema. "Haya, mimi naitwa nani?"

"Fomu ina jina la baba tu."

"Basi leo nakaa humo darasani, nyuma kabisa. Nisipopapenda, narudi naye."

Saa tatu kasoro robo basi lilisimama Maore. Asheri alinyoosha mkono kupokea sanduku la Nashipae. Mama yake akalihamishia mkono wa pili.