Woga wa Mama Koki Chini ya Misonobari ya Ronge

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu Tryphena Wakesho, Mama Koki kwa wengi wenu, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 huko Bura, binti wa marehemu Mzee Mwandawiro na Mama Mable, akasoma shule ya msingi ya misheni hapo hapo hadi mwaka 1973, kisha akaajiriwa kwenye kitalu cha miche ya msitu, ambako alilea misonobari, mti ambao kwao ni milima ya ukungu huko Meksiko, lakini ukishaletwa kwako haungoji kupandwa tena, hujipanda wenyewe mpaka kwenye ukuta wa jiko.

Ni hapo kitaluni alipompata Sylus Nzau, mlinzi wa msitu, wakafunga ndoa kanisani tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa Koki, Lewis na Shanice, wakajenga hapa Ronge, chini ya msitu huu mnaouona. Tarehe 11 Februari 2009 misonobari ilishika moto, Sylus akaingia kuuzima, Mama akimsihi arudi, naye hakurudi.

Tangu siku hiyo marehemu alikuwa mwoga, nasi hatuoni haya kulisema. Kila kiangazi alifagia majani ya misonobari yaliyokauka, membamba kama sindano na yenye utomvu, alinusa upepo kabla ya kunywa chai, na mara nyingine alitutoa nje na magodoro yetu kwa sababu ya moshi wa jirani anayechoma mahindi, mkamcheka, nasi tukamcheka, tukisahau kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio.

Mwezi Juni mwaka huu presha ilimlaza hospitalini Voi, akawa akimuuliza kila aliyemtembelea ni nani anayefagia, hadi alipoaga dunia asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2025.

Tangu alazwe majani hayo hayajaguswa, yamefika vifundoni nyuma ya jiko la matanga, na leo asubuhi upepo ulipogeuka cheche ziliruka humo, tukaogopa, jamani, tukaogopa kweli. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa kitaluni, na majirani wote, hasa wapishi waliomwaga maji motoni maharagwe yakiwa hayajaiva, kwa hiyo mtakula mkate na soda, mtuwie radhi, na tukitoka kaburini kila mwenye nguvu ashike fagio.

Pumzika kwa amani, Mama. Woga wako tumeurithi.